Wifi, Mtoro Amepatikana

Wifi Oresta,

Nimepata. Naanza na hilo kabla ya salamu, kwa sababu ndivyo ulivyokuwa ukiniamkia wewe. "Wifi, nimepata!" Kanga hujaifunga vizuri, unakuja mbio kutoka meza yako mpaka yangu, kadi uliyoitoa mfukoni mwa koti umeinyanyua juu, soko zima la Mbinga linakutazama. Leo ni zamu yangu, na wewe hupo wa kuumia roho. Hata hilo umeninyima.

Nikueleze ya hapa. Arobaini yako imepita, misa ilijaa. Kaka yako alilia mbele za watu, jambo ambalo hata kwa mama yenu hakulifanya. Kaburi limejengewa, na ule mti wa kahawa ulio karibu nalo tumeuacha. Mwezi wa sita umekuja na baridi kali na makoti yanatoka sana. Mezani kwako anakaa Bertila. Mwanao ana mkono wako, wifi. Anafungua belo la mitumba, anaingiza vidole mfukoni mwa koti huku anaongea na mteja, hatazami, na vidole vinajua vyenyewe. Wiki ya kwanza tu akapata kadi. Wiki ya kwanza! Nilimpigia vigelegele, na moyoni nilikuwa nimenuna. Mwanamke wa miaka hamsini na nne namwonea wivu mtoto wa wifi yangu.

Wivu niliokuonea wewe unajua ulikoanzia. Belo letu la kwanza la majaketi tulilinunua kwa kuchanga, tukaligawa nusu kwa nusu chini ya turubai, lako, langu, lako, langu, bila kuchagua. Kisha tukakagua mifuko, kwa desturi yetu wauza mitumba kwamba kilichomo mfukoni ni cha mwenye koti. Mimi nilitoa leso iliyokaukiwa na mafua ya mtoto wa watu. Wewe ulitoa kadi sita. Nguo za belo moja, pengine za nyumba moja, na zote sita zikaangukia upande wako!

Zilikuwa kadi ngumu za zamani, kona zimelika. Kila moja na mwanaume wake wa kapelo, suruali imembana, soksi hadi magotini, rungu begani. Yule mwalimu aliyehamishiwa kwetu kutoka Moshi ndiye aliyetuambia kuwa ni mchezo wa Wamarekani unaoitwa besiboli, kwamba mtu anaupiga mpira kwa rungu halafu anakimbia kuzunguka mpaka arudi alipoanzia. Tulicheka mpaka tukashika mbavu. Kukimbia kote huko ili urudi ulipokuwa! Nyuma ya kadi palikuwa na namba nyingi na mwaka, mwaka ambao mimi na wewe tulikuwa bado tunabebwa mgongoni.

Mchezo hatukuuelewa na wala hatukuuhitaji. Tuliwapenda wale wanaume kwa sura zao, tukawapa majina. Bwana Harusi, Masharubu, na yule uliyemwita Katekista kwa jinsi alivyokunja uso. Ila kadi moja haikuwa na mtu. Ilikuwa na orodha ya majina na namba, na mbele ya kila jina kisanduku kidogo. Mtoto fulani huko Marekani alikuwa ametia alama ya penseli kwa kila aliyempata. Alikuwa amewapata wote isipokuwa mmoja, namba themanini na nane. Ulinionyesha kile kisanduku kitupu kwa ukucha ukasema, "Wifi, huyu mtoto amezeeka bila kumpata huyu." Tangu siku hiyo tukamwita Mtoro, na tangu siku hiyo nikaapa kwamba hao wengine wote uwe nao wewe, lakini Mtoro nitampata mimi.

Miaka kumi na miwili, wifi. Kila belo, kila mfuko. Tulishuka na makoti yetu ziwani, Lituhi, tukafika mpaka Chiwanda, na popote tulipofika jicho lilikuwa kwenye mifuko ya watu kuliko kwenye nyuso zao. Kopo lako la majani ya chai likajaa mpaka kifuniko kikawa hakifungi. Mimi nilikuwa na watatu. Wa kwanza nilimpata kwenye koti la mvua, wa pili kwenye jaketi la jinzi, wa tatu kwenye sweta lenye mfuko tumboni. Kila nilipopata ulinipigia vigelegele mpaka mama ntilie wakatoka jikoni kuuliza kuna nini. Na mimi nikaringa. Nilikuambia, "Wangu ni wachache lakini wana sura." Ukasema, "Kweli wifi, haya yangu ni makunyanzi tu." Nikaamini.

Sasa tufike kwenye siku ya koti la kijani, ambayo nimeizunguka tangu nianze kuandika.

Nilikuwa nimefungua belo jipya. Ukaja mbio kama kawaida yako, mkono juu, na mimi nilikuwa nimeamka vibaya. Kabla hujafungua mdomo nikakuambia mbele ya watu, "Kuanzia leo mimi na mifuko basi. Mifuko ni yako, Mungu kakupa wewe." Hata kilichokuwa mkononi mwako sikukitazama. Nikaacha makoti yangu mezani, nikaenda kunywa chai kwa hasira. Niliporudi, mama mmoja wa Lituhi alikuwa ameshalivaa koti la kijani, refu, lenye mfuko wa ndani. Kifungo kimoja kilikuwa kimekatika. Nikamshonea chekundu palepale kwa kuwa ndicho nilichokuwa nacho, akaondoka haraka kuwahi basi. Mfuko sikuugusa. Nilikuwa nimeapa.

Ndipo nilipokuona unatoka mezani kwako unakimbia. Wewe, na miguu yako ile ya kuvimba! Ulimkimbilia yule mama mpaka stendi, kandambili moja ukaiacha njiani. Ukarudi unahema, mikono mitupu. Na mimi, Mungu anisamehe, nilikuwa nakusubiri katikati ya njia. Nilikusema soko zima lisikie. Nilisema kadi zote hazikutoshi, sasa unanifuatia na wateja wangu. Ulifuta jasho kwa pembe ya kanga. Kisha ukasema, "Yaishe, wifi," ukaenda kukaa. Wiki nzima sikusema nawe. Ugali ulioniletea Jumapili niliurudisha umefunikwa vilevile.

Ulipougua, kule wodini, ulinishika mkono ukaniambia, "Mtoro nilikupa." Wenzangu walisema ni homa inaongea. Kusema kweli, mimi sikudhani ni homa. Nilidhani unanicheka.

Baada ya arobaini ukoo ulikaa kugawa vitu vyako. Mimi nikapewa sufuria kubwa na kanga mbili. Kopo likaenda kwa Bertila. Ni halali yake, ni mwanao, lakini roho iliniuma mpaka nikashindwa kula. Kesho yake nikaenda mezani kwake nikamwambia anifungulie nitazame tu. Nikawapanga wote, Bwana Harusi, Masharubu, Katekista. Mtoro hakuwemo. Nikamwambia Bertila, "Umemficha. Mama yako alimpata, aliniambia mwenyewe."

Akasema, "Anti, tafadhali usiniulize." Nikamuuliza. Akasema, "Mama aliniambia alimpata asubuhi ile uliyomwambia mambo ya mifuko basi. Ndiye aliyekuwa anakuja kukuonyesha. Ulipokwenda kunywa chai akamtia kwenye koti lako la kijani, ili umpate wewe."

Nikakaa chini juu ya belo. Nikamuuliza, na wale watatu wangu? Bertila akainamisha kichwa, akaanza kukunja sweta ambalo lilikuwa limekwisha kukunjwa.

Wifi, ningependa kukuambia kwamba nililia. Nililia, lakini baadaye. Kwanza nilikasirika. Nilikuwa na vitu vitatu ambavyo nilidhani nimevipata mwenyewe, bila wewe, kwa mkono wangu huu. Kumbe mkono ni wako mara zote tatu. Yaani hata wema ulinizidi. Na siku ile ungeweza kunijibu pale njiani, ungesema neno moja tu soko zima likanigeukia mimi. Hukusema, kwa sababu ungesema la Mtoro ningejua na wale watatu walikotoka. Ukabaki na matusi yangu ili mimi nibaki na maringo yangu. Nani alikutuma?

Nikashuka Lituhi. Kaka yako nilimwambia nakwenda kuuza makoti, akanitazama, maana makoti ziwani kwenye joto anayataka nani. Lakini wewe unajua, asubuhi ufukweni kuna upepo, na wanawake wanaosubiri mitumbwi ya samaki wa usipa huvaa chochote. Nikawa nauliza kila mtu, koti la kijani, kifungo kimoja chekundu. Siku ya pili nikaliona kabla sijamwona mwenyewe. Ni mama mmoja mcheshi, anaitwa Mama Faraja, anaanika usipa. Nikamsalimia, nikamwambia, "Dada, namtafuta mtu, yuko ndani ya koti lako." Akacheka akasema, "Kama ni mume wangu mchukue, usimrudishe."

Mfukoni hakukuwa na kitu. Mfuko ulikuwa umetoboka. Nilitaka kukaa palepale mchangani. Halafu nikasikia sauti yako kabisa, ile ya kunifundisha kazi: "Mfuko ukitoboka, papasa bitana." Nikapapasa pindo la chini, upande wa kushoto. Kulikuwa na kitu kigumu kidogo. Mama Faraja akakubali nifumue, kwa sharti nimshonee kabla mitumbwi haijafika. Nilikata uzi mmoja mmoja kwa woga mpaka akaninyang'anya wembe akafumua yeye.

Ni yeye, wifi. Nyuma namba inasomeka vizuri, themanini na nane. Lakini koti la usipa halifuliwi, linaanikwa tu, linalowa umande, linaanikwa tena. Sura yake ilikuwa imegandia kwenye bitana. Tulipomvuta akaja mgongo tu, na mbele amebaki na kipande cha rungu na kidole gumba. Uso hana.

Kwa hiyo miaka yote hiyo nimemtafuta mtu, nimempata, na sura yake sijui. Wewe uliiona. Ulimshika mzima mkononi, ukamtazama, ukajua kama ana masharubu, kama ni mtu wa kucheka au wa kununa, halafu ukamwachia. Bertila anasema atamtafuta kwenye simu, sura itatokea mara moja. Nimemkataza. Huyo wa kwenye simu kila mtu anaweza kumwona. Mimi nakuonea wivu kwa yule uliyemwona wewe.

Nilirudi naye Mbinga ndani ya kitabu cha sala. Nikajiambia nitamwekea Bertila mfukoni, kama ulivyonifanyia, kwa sababu orodha iko kwenye kopo lake na kile kisanduku bado ni kitupu. Jumanne nikaenda mpaka mezani kwake. Nikazungumza habari za baridi, nikarudi naye. Alhamisi nikaenda tena, Bertila akaniamkia, "Shikamoo anti," akanipa kiti, nikakaa, nikarudi naye. Wifi, mkono haufunguki. Nilikuwa najua kutoa kuwa ni kazi, lakini sikujua kuwa ni kazi kiasi hiki. Mara nne ulifanyaje? Na ukapiga na vigelegele?

Leo nimemtia. Asubuhi, Bertila alipokwenda kuchota maji. Koti la kahawia, mfuko wa ndani, nimepapasa kwanza kuhakikisha haujatoboka. Akimkuta atajua ni nani aliyemtia, atajifanya hajui. Hilo pia amelirithi kwako.

Sasa nimekaa mezani kwangu nakuandikia, na koti nalitazama. Amelitundika kwenye henga bila kukagua. Mkono wako wote ule, na leo anaongea na simu! Kuna mama mmoja, sijui wa wapi, amelishika. Amepima mikono. Amelirudisha. Amelichukua tena. Nimejikuta nimesimama, wifi, kalamu mkononi, na nimeshavua kandambili.

Basi ndivyo ulivyokuwa siku ile. Ndivyo ulivyokuwa, na mimi nilikuita mwizi wa wateja.

Yule mama ameliacha, amechukua la bluu. Nimekaa. Lakini jua bado liko juu na wateja ni wengi.

Pumzika, wifi yangu. Sikuahidi kwamba wivu nitauacha, ungenicheka. Nakuahidi hili tu: koti likiuzwa kabla mwanao hajakagua mfuko, nitalikimbilia mpaka stendi na miguu yangu hii, na watu waseme watakavyosema, nami nitarudi kukaa, nisijibu.

Wifi yako,
Skola