Maharage Juu ya Tuta la Michikichi

Mjukuu wangu Zawadi,

Shikamoo yako imefika, marahaba. Bibi yako goti limepoa, ameanza tena kugombana na mbuzi wa jirani.

Unauliza uendelee kujifunza cherehani au uache, maana kila jioni unajipima na huoni ulichopata. Umenikumbusha ujana wangu, tulipohamia Simbo wakati wa Ujamaa. Niliapa nitakuwa na shamba langu la michikichi. Nikafukia mbegu kwenye tuta, halafu kila asubuhi nikawa nazifukua nione kama zimeota. Mama alinitazama tu, hakunikemea. Siku moja nikakuta amepanda maharage juu ya tuta lote.

"Haya, fukua sasa," akasema, "tuone utakula nini."

Basi nikabaki kupalilia na kumwagilia maharage. Tulipokuja kuyang'oa, katikati yake miche ya michikichi ilikuwa imesimama, mibichi kabisa.

Mama hakujaliwa kuonja mafuta yake. Dumu la mawese analokuletea shangazi yako limetoka kwenye michikichi ileile. Ungia maharage, ule ushibe, na kesho ushone tu.

Babu yako,
Simbo