Fasi Iko na Maji

Mbarara, Jumapili

Mama yangu mpenzi,

Nakusalimu katika jina la Bwana. Natumaini barua hii inakukuta mzima, goti limeacha kukusumbua, na mdogo wangu Gradi hatoroki tena kwenda kucheza mpira siku za kuchota maji. Mimi ni mzima wa mwili. Nakula, nalala, naenda masomoni. Usishtuke kuona karatasi badala ya simu. Kwenye simu nikianza neno zito unanikatiza kwa maombi, na hili nataka ulisome mpaka mwisho. Jirani yetu Mama Marcienne, ambaye huja sokoni hapa kununua vitenge, ameahidi kuiweka barua mkononi mwako mwenyewe.

Habari za hapa ni za upweke, nisikufiche. Wasichana ninaokaa nao chumbani ni wema, lakini wakianza Kinyankole chao wanakwenda mbio, na mimi hucheka wenzangu wakishamaliza kucheka. Kiswahili chenyewe hapa ni cha askari. Mlinzi wa getini ndiye peke yake anayenisemesha kwa lugha hiyo, kila asubuhi: "Wewe, simama. Wapi kitambulisho?" Ananijua vizuri sana, lakini lazima aulize. Siku akiwa hayupo ninamkumbuka, fikiria. Jumapili kama leo hosteli inabaki tupu, kwa sababu kila mtu ana kwao karibu, nami huosha nguo ambazo hata hazijachafuka.

Masomo yanakwenda vizuri. Unakumbuka ulipowaambia akina mama wa kwaya kwamba ninasoma mazingira, wakauliza kama hiyo ni kazi ya kufagia mji? Sasa niko mwaka wa mwisho, na kila mmoja wetu ametakiwa afanye utafiti wake. Mimi nilichagua chemchemi yetu ya bondeni. Ndiyo maana likizo iliyopita uliniona nikichimba vishimo mteremkoni, mpaka ukaniuliza kama natafuta dhahabu. Nilikuwa natafuta maji, Mama. Nilitaka kujua kwa nini chemchemi iliyokuwa ikijaza madumu ya mtaa mzima tulipokimbilia kambini Nakivale, leo inatoa matone tu, na Gradi anakwenda kusukumana kwenye foleni ya bomba la mbali.

Jibu nimelipata, na ndilo linaloninyima raha. Mvua zimekuwa za wasiwasi na watu tumeongezeka, hayo ni kweli. Lakini juu ya chemchemi kuna mikaratusi, na mkaratusi ni mti mlevi, haushibi. Mizizi yake inayanywa maji kabla hayajafika bondeni.

Unajua mikaratusi ile ilianzaje. Baba alipofariki ulitaka muvumu juu ya kaburi lake pale mteremkoni, kama ule uliosimama juu ya kaburi la babu kule kwetu Lemera, mti unaochomekwa kijiti tu ukaota. Hatukuupata. Watu wa shirika walikuwa wakigawa miche ya mikaratusi, ukachukua mmoja, ukaniambia niushike wakati unachimba. Ulisema mahali pale hapatakauka: "Tupande hapa, fasi iko na maji. Hata sisi tukikosa kuja, yeye atakunywa." Maneno yale yaliwagusa watu. Kila aliyefiwa baada yetu alimzika mtu wake jirani na baba, akapanda mkaratusi. Hatukufanya kwa ubaya. Tulikuwa tunawatafutia watu wetu kivuli.

Juzi nilisimama mbele ya darasa kueleza utafiti wangu. Picha ya kwanza ilikuwa ya mti ule mkubwa kuliko yote. Mwalimu wangu, Dakta Kayumba, ni mtu mpole, hana neno. Aliuliza kwa mzaha tu ni nani huyo aliyepanda mkaratusi juu ya chemchemi. Darasa likacheka. Nilijibu, "Ni watu wa kule," nikaenda kwenye picha ya pili. Mwishoni walinipigia makofi. Nilijifungia chooni nikalia, Mama, kwa sababu katika ukumbi ule mzima hapakuwa na hata mmoja wa kumwambia kwamba chini ya mti ule amelala baba yangu.

Sasa Dakta anataka twende pamoja tukaisome kazi hii mbele ya kamati ya maji ya kambi. Wakiisikia watasema mikaratusi ikatwe, na wataanza na ule mkubwa. Sikuweza kukubali ulisikie neno hilo kwa mtu mwingine. Nimemwomba asubiri mpaka nipate jibu lako, kwa kuwa wewe ndiwe uliyeupanda.

Muvumu nimeupata. Hapa wanauita mutoma, na upo kwenye uzio nyuma ya hosteli. Nilikata kijiti, nikakichomeka kwenye dumu lililokatwa nusu, nikaliweka dirishani. Kimetoa majani. Nakisalimia kwa Kifuliiru, lugha yetu ya nyumbani, kila nikiamka, na wenzangu wanadhani nasali. Ukikubali, nitakuja nacho, na mkaratusi nitaukata kwa mkono wangu mwenyewe, kisha nibambue gome la kisiki, maana ukiachwa hivihivi unachipua tena. Sitaki mgeni apige shoka juu ya baba. Ukikataa, nitakuja vilevile, tukae wote chini yake tuzungumze, na kamati itatungoja.

Msalimie Gradi, umwambie aache ugomvi kwenye foleni. Wasalimie akina mama wa kwaya, uwaambie bado sijaanza kufagia mji. Na ukipita mteremkoni, simama kidogo kwa baba. Mwambie naomba anisamehe kwa jibu lile nililotoa darasani. Mwambie watu wa kule ni sisi.

Ni mimi binti yako,
Eliane