Kadi Nyekundu ya Baraka

Kaka Musa,

Baridi ya Joburg inauma, lakini jana kwenye mechi ya raga ya vyuo nilitokwa jasho. Mwanangu Baraka alimvaa mpinzani, bega likampiga kichwani, akaanguka. Refa akatazama marudio ya video, akampa kadi nyekundu. Nikaruka nikipiga kelele: “Uonevu! Huyo aliyeanguka ameinama mwenyewe!”

Mama aliyekaa kando yangu akasema polepole, “Huyo aliyelala pale ni mwanangu.”

Nikaketi. Kijana hakusogea. Nilimshika yule mama mkono, tukangoja mpaka mwanawe akainuka akimwegemea daktari.

Baraka bado analalamika kwamba ameonewa. Wewe uliyecheza raga, mpigie simu uzungumze naye. Mimi siwezi tena kumtetea.

Wakumbatie wanao kwa nguvu.

Dadako,
Neema