Aluka Amerudi Nyumbani

Amagoro,
9 Februari 1964

Kwa mtoto wangu Roselyn,

Hamjambo huko Jinja, wewe na mkwe wangu Barasa? Mimi Mungu ananishika vizuri, ila goti la kushoto linanisumbua nikipanda kilima cha kanisa. Shamba limelimwa, tunangoja mvua tupande wimbi. Zaitun wa dukani Malaba anakusalimu sana. Barua zako zote zinafika kwake salama.

Sasa nikwambie. Jumapili iliyopita, ibada ilipokwisha, nilimkuta Aluka ameketi nje ya kanisa na kifurushi chake. Ndiyo, Aluka huyo huyo, mke wa pili wa marehemu baba yako. Madaktari wa hospitali ya ukoma ya Alupe wamempa barua kwamba ukoma umekwisha, hawezi kumwambukiza mtu. Lakini kaka zake hawakutaka hata kumfungulia mlango. Watu walikuwa wanampita mbali. Mimi pia nilimpita, Rose. Nilifika mpaka njia panda, halafu nikarudi.

Nikamwambia, "Simama, twende."

Akaniuliza, "Wapi, Mama Roselyn?"

Nikasema, "Nyumbani."

Analala katika chumba chako cha zamani. Tafadhali usikasirike kabla hujasali.

Ni mimi mama yako,
Perez

---

Jinja,
2 Machi 1964

Mama mpendwa,

Natumaini goti limepata nafuu. Sisi tuko wazima. Barasa bado yuko kiwandani, na mimi, Mungu akipenda, nitajifungua mwezi wa nane.

Mama, nilisoma barua yako mara tatu, na kila mara nilifikiri labda nimekosea kusoma. Umemlaza Aluka kwenye kitanda changu?

Nilikuwa na miaka tisa, lakini sijasahau. Alimwambia baba hawezi kukaa nyumba moja na sisi, na baba akatuhamishia kwenye kibanda cha mbuzi. Ulizibaziba paa kwa majani ya migomba. Mvua ilipoanza, tulikuwa tunamhamisha Methuselah kutoka kona moja mpaka nyingine tukitafuta mahali pakavu. Wiki tatu alikohoa, halafu tukamzika. Aluka alikuwa hatua thelathini kutoka kwetu, chini ya mabati. Ndugu yangu alikuwa na miaka minne tu, Mama.

Nilikuwa nimepanga kuja kujifungulia kwako. Sasa siji. Huyo mwanamke akiwa hapo, mimi sitakanyaga, na mtoto wangu pia hatakanyaga.

Mtoto wako,
Roselyn

---

Amagoro,
22 Machi 1964

Roselyn mwanangu,

Nakusalimu kwa upendo, na tumbo lako nalisalimu pia. Kula mboga, na usibebe maji mengi.

Hakuna neno uliloandika ambalo si kweli. Ninaporudi kutoka shamba jioni bado nawaona ninyi wawili kwenye ile ngozi ya ng'ombe, mmejipaka majivu usoni, mnacheza padre na waumini. Methuselah ndiye alikuwa padre kila siku, na mahubiri yake yalikuwa neno moja, "Nyamazeni!" Ulikuwa unacheka mpaka unaanguka. Katika kile kibanda tulikuwa maskini, lakini sijawahi tena kulala karibu na watoto wangu namna ile. Nikikumbuka, moyo unaniuma na kunifurahisha kwa pamoja.

Lakini kuna jambo sikukwambia. Miaka saba niliomba Mungu amwondoe Aluka. Nilipiga magoti kila asubuhi na ombi hilo hilo, huku kanisani wakiniita mama wa sala. Mwaka wa hamsini na sita ukoma ukamshika, akapelekwa Alupe. Siku hiyo nilienda kwa Zaitun nikanunua ngano na mafuta. Unakumbuka zile chapati? Ulikuwa na miaka kumi na sita. Uliniuliza, "Mama, leo ni sikukuu gani?" Nikakwambia, "Kula tu."

Nilisherehekea mtu kuugua, Rose. Na wewe nilikulisha sherehe hiyo bila kukwambia.

Kwa hiyo sikumchukua kwa sababu mimi ni mwema. Nilipofika njia panda niliona aibu kuendelea kutembea.

Uamuzi wako nimeuelewa. Sitakulazimisha.

Mama yako anayekupenda,
Perez

---

Amagoro,
13 Desemba 1964

Mtoto wangu,

Huu ni mwezi wa tisa sijapata barua yako. Ndugu wa Zaitun alipita Jinja, akaniletea habari kwamba ulijifungua salama, msichana. Nilikaa chini pale pale dukani. Zaitun alinipa chai, naye akalia pamoja nami.

Hata jina lake silijui. Kwa hiyo nikimwombea nasema tu, "Yule mdogo wa Jinja."

Aluka anapalilia pamoja nami. Haongei sana. Juzi aliniuliza, "Mbona hunifukuzi?" Nikampa jembe.

Krismasi njema kwenu wote.

Mama

---

Jinja,
5 Mei 1965

Mama mpendwa,

Shikamoo, na unisamehe kwa kunyamaza. Mtoto anaitwa Perez. Nilimpa jina lako siku ile ile aliyozaliwa, halafu nikashindwa kukuandikia kwa kiburi.

Mama, nilikuja. Jumamosi ya Aprili ishirini na nne nilipanda treni mpaka Malaba, mtoto mgongoni. Nilitaka kukuona, na nilitaka kumwambia Aluka maneno niliyokuwa nimeyatunza miaka kumi na sita. Nikakuta wewe umeenda Busia kwenye mkutano wa akina mama wa kanisa.

Alikuwa peke yake jikoni, anapika uji. Alinijua mara moja. Akasema, "Karibu, Roselyn. Mama yako atarudi kesho." Sikuitika salamu. Nikamwuliza, "Ulimsikia Methuselah akikohoa?"

Akasema, "Nilimsikia. Kila siku. Nilikuwa najifunika blanketi kichwani." Hakujitetea kwamba alikuwa msichana mdogo, hakumtupia baba lawama. Alisema hilo tu, akageuka kuepua uji, akashika sufuria kwa mikono mitupu.

Mama, ukoma umeua vidole vyake, hakusikia moto! Vidole vilikuwa vinaungua na yeye anaangalia uji usimwagike. Nilipiga kelele, nikamnyang'anya sufuria, nikamtia mikono ndani ya maji. Ndipo nikakumbuka niliapa sitamgusa. Nilimfunga vidole na kitambaa cha mtoto, na tulilia wote wawili, kila mtu kivyake. Mtoto naye akalia kwa kutuona.

Nilirudi na treni ya jioni. Sikuweza kukungoja. Sijui kama nimemsamehe. Maneno yangu yote bado ninayo, lakini sasa sijui niyapeleke wapi.

Mtoto wako,
Roselyn

---

Amagoro,
20 Mei 1965

Roselyn wangu, na Perez wangu mdogo,

Salamu zangu zimejaa hata karatasi haitoshi. Mvua imenyesha vizuri, wimbi limefika magotini.

Niliporudi kutoka Busia nilimkuta Aluka amefungwa vidole. Nikamwuliza nani alimfunga. Akasema, "Mgeni." Alikataa kabisa kusema zaidi. Kumbe alikuwa anakungoja wewe uniambie mwenyewe.

Niliposoma barua yako nilihuzunika kwamba sikuwepo. Halafu nikafikiri, kama ningekuwepo, kila mmoja wenu angezungumza na mimi badala ya mwenzake.

Usijilazimishe kusema umesamehe. Mimi mwenyewe siku nyingine naamka nimemkasirikia upya, nasali, tunaenda shamba. Njoo ukiwa na maneno yako yote. Hapa kuna nafasi.

Nimemsomea Aluka sehemu inayomhusu. Nikamwuliza kama ana neno la kukutumia, niandike. Ndipo akasema, "Mwambie njia ya kutoka stesheni ina matope mwezi huu. Asije na viatu vizuri."

Mama yako,
Perez