Kilio cha Sharubu

Jumatatu, 12 Januari

Baridi ya kijinga. Basi limechelewa tena hapa Forest, mtaani kwangu. Nimefika bungeni na miguu ya barafu.

Ijumaa tunapigia kura sheria yangu. Ofisi zote za jimbo la Brussels zisafishwe mchana, wenye ofisi wakiwepo. Si alfajiri, si usiku. Mama alale nyumbani na watoto wake. Ni hiyo tu, na imenila muhula mzima. Mimi mwenyewe, nilipotoka Lubumbashi na kushuka stesheni ya Gare du Midi na sanduku moja, nilipangusa ngazi za bunge hili hili kabla ya kucha, ili waheshimiwa wasione nani anayezing'arisha.

Sharubu ni mbunge wa upande wa pili. Jina lake siliandiki humu. Leo kwenye kamati kaniuliza kama kwetu watu husafisha mchana, maana picha alizoona hazionyeshi kama kuna anayesafisha saa yoyote. Wakacheka. Hata wetu wawili walicheka. Namchukia yule mtu. Naandika wazi, hakuna anayesoma.

Chef, kiongozi wa kundi letu bungeni, kaniambia mlangoni: sheria ikipita, uchaguzi ujao niko namba tatu kwenye orodha. Isipopita, nitashushwa kule chini wanakoweka majina kama yangu kupamba karatasi.

Jumatano, 14 Januari

Sharubu amefiwa na mama yake. Mazishi Ijumaa, Ostende, kule pwani.

Alizunguka upande wetu wote akiomba pairage. Ni desturi ya bunge: mpinzani wako akikosa kikao kwa ugonjwa au msiba, wewe hupigi kura, mnakuwa sawa. Haiko kwenye kanuni. Mnapeana mkono, basi. Wote walimkatalia kwa sababu kura zimebanana.

Alinikuta kwenye mashine ya kahawa. Kola haijapigwa pasi. Akasema anamzika mama yake Ijumaa. Nikasema ndiyo. Mdomo ulitangulia! Kwetu aliyefiwa habishiwi. Hata mkiwa na kesi, kesi inangoja kilio kiishe. Akanipa mkono.

Nimerudi ofisini nikijitukana. Bon, sawa. Yeye hayupo, mimi sipigi, bado tunashinda kwa kura moja.

Alhamisi, 15 Januari

Mbunge wetu kijana wa Uccle amevunjika mguu Uswisi, akiteleza kwenye theluji. Wiki ya kura! Mpumbavu. Upande wa pili hawataki kumfanyia pairage, wanasema kuteleza si ugonjwa wala msiba. Kuahirisha pia hawataki. Donc, basi, bila mimi kura ni sawa kwa sawa, na zikiwa sawa sheria inakufa.

Chef alipiga simu. Pairage haiko kwenye kanuni, anasema. Nikamwambia nimeshatoa neno. Akacheka. Neno kwa nani, kwa yule? Umesahau alichokuambia juzi? Ananichapa kwa tusi langu mwenyewe, na siku ile alikaa kimya kama kabati. Halafu akanikumbusha orodha.

Nikamkatia simu. Kisha nikampigia tena.

Maman Béatrice naye alipiga, kiongozi wa wanawake wa usafi kule Molenbeek. Kesho wanakuja kujaza roshani ya wageni, wameshapiga pasi vitenge. Habari ya pairage sikumwambia.

Ijumaa, 16 Januari

Nimebonyeza kitufe cha ndiyo. Jina langu likawaka kijani. Imepita kwa kura moja.

Juu vigelegele, wahudumu wakihangaika kuwanyamazisha. Mbele yangu kiti cha Sharubu kitupu. Wenzake wakasimama wakipiga kelele za aibu, aibu. Nikawajibu kwa sauti ile ile: aibu ilikuwa wapi Jumatatu? Labda saa ile walikuwa wanateremsha jeneza. Sijui.

Divai kwa Chef. Nina furaha. Nimeshinda. Sijisikii vibaya hata kidogo.

Jumapili, 18 Januari

Nilikwenda kanisani nikidhani wanawake wa usafi watanibeba juu. Maman Béatrice alinipita bila salamu. Magazeti yameandika yote, mpaka mazishi.

Nikamfuata kwenye ukumbi wa nyuma wanapokula. Alisema mbele ya wote, kijiko mkononi:

"Ule muntu alikuwa ku kilio ya mama yake. Ulimupa mukono. Nani kati yetu alikutuma umupige mu kilio?"

Nikawaka. Nikamwambia yule mtu aliwatukana wao, si mimi peke yangu. Nikamwambia watoto wao sasa watalala na mama zao. Anataka nini zaidi?

"Sheria ni muzuri," akasema. "Sasa tutaifanyia kazi na haya ku uso."

Hakuna aliyenitetea. Niliondoka bila kula. Wanafiki! Shukrani ya punda ni mateke.

Jumatano, 21 Januari

Chef ananiita shujaa. Wa upande wa pili hawanisalimii, na iwe hivyo. Lakini hata mwenzetu mmoja, mjamzito, kasema kwa kicheko kwamba akijifungua hataomba pairage kwangu. Wakacheka mezani. Nami nikacheka, kama bwege.

Sharubu amerudi. Tai nyeusi. Nilimwona anakuja kwenye korido na jibu nilikuwa nalo tayari, kali, la kumkalisha. Akapita. Nimeshinda na hasira siku nzima.

Alhamisi, 22 Januari

Maman Béatrice kapiga simu. Haombi, anatangaza. Jumamosi tunakwenda kwa Sharubu kukaa naye kilio. Nikakataa. Nikasema Wabelgiji hawana mambo hayo, atatuitia polisi. Akasema sawa, watakwenda bila mimi, na mlangoni watalitaja jina langu.

Mwanamke huyu! Ningekuwa na mkwe kama yeye ningehama nchi.

Jumamosi, 24 Januari

Nilikwenda.

Nyumba iko mwisho wa reli ya tramu. Wanawake walibeba bukari, yaani ugali wetu, sombe ya majani ya muhogo na samaki. Sharubu alifungua akiwa na ndala, akatutazama kama tumekuja kumtolea vitu nje. Maman Béatrice akamweleza kwa Kifaransa chake kwamba tumekuja kukaa. Hakuelewa, lakini alisogea.

Tukavua viatu. Tukakaa chini. Juu ya kabati picha ya bibi mmoja ufukweni, upepo umemharibia nywele.

Maman Béatrice akanitazama. Nikasema: nilikupa mkono, nikauchukua tena, na ulikuwa umefiwa. Sikusema habari ya Chef wala ya mguu wa Uccle. Nikaongeza: pole kwa mama yako.

Akaitazama ile picha.

"Nitaifuta sheria yako," akasema. "Tukipata wingi, nitaifuta."

"Najua," nikamwambia. "Utanikuta pale."

Maman Béatrice akamsogezea sahani. Sharubu akauliza kama huliwa kwa mkono. Maman akamletea bakuli la maji, akanawa. Alikula vibaya, bukari ikimdondokea kwenye shati. Hakusema amenisamehe, nami sikumwomba. Alisema tu kwamba mama yake alikuwa mkali mezani, mtu hainuki kabla sahani haijaisha.

Tukamngoja amalize. Kisha tukavaa viatu.