Vidokezi Nilivyoviona Jikoni kwa Mama

Ribe, Denmaki
Juni 5, 1986

Mpendwa Mama Mkubwa Gudrun,

Salamu nyingi kutoka kwetu. U hali gani, na goti lako linaendeleaje? Mvua za huko Visiwa vya Faroe zimekupa nafasi ya kuanika hata soksi? Mimi mwili hauna neno, ila usingizi umenipa kisogo.

Mtihani wa kujieleza kwa mdomo ni Jumanne ya tarehe 17. Nitaokota karatasi kwenye ile meza yenye kitambaa cha kijani, mbele ya mwalimu na mtahini nisiyemjua, kisha nichambue kurasa mbili za riwaya ya zamani inayomhusu mke wa mchungaji. Nimeisoma mara nne, penseli za rangi mkononi: njano kwa tashbiha, bluu kwa takriri, nyekundu kwa vidokezi vya yatakayokuja.

Nyekundu ndiyo iliyoniponza. Sura ya tatu yule mke anagawa glavu zake. Sura ya tano anamfundisha mtumishi kuoka mkate. Hasemi kama anaumwa, wala hakuna anayemwuliza. Sura ya kumi na moja wanamzika. Mwalimu wetu, Bibi Lindegaard, anasema mwandishi hodari hatupi neno ovyo.

Sasa mtazame mama. Amenifundisha kupika mipira ya nyama na mchuzi wake, yeye aliyenifukuza jikoni miaka yote. Halafu lile lori la wahitimu, litakalotuzungusha nyumba kwa nyumba tukila na kunywa: amewaomba wenzangu lianzie kwetu, asubuhi, eti asije akachoka. Mama huyu huyu ambaye kwenye harusi yako, nasikia, wapiga muziki walichoka yeye bado anacheza. Mwenzio nikaingiwa na baridi.

Nilimdokezea baba. Akacheka, "Wewe umesoma mpaka umepitiliza. Nyumba hii si riwaya." Lakini alicheka huku akitazama sufuria.

Jana nikajikaza. "Mama, unaumwa?"

Akaweka kisu chini. "Nani kakwambia? Gudrun?"

Aliponiona uso, akajua amejifichua. Akasema tu, "Fanya mtihani kwanza, mwanangu, tutaongea," akarudia vitunguu vyake.

Kumbe unajua, Mama Mkubwa. Barua yako ya mwezi jana ilikuwa kurasa tatu za kondoo na upepo, nami niliisoma nikicheka, nisione kitu. Sikulaumu, najua aliyekuziba mdomo. Ila naogopa. Naogopa hata kumtazama akipanda ngazi.

Mtihani naweza kuurudia mwakani. Mama sina wa pili. Niandikie upesi ni ugonjwa gani, na kama atapona. Kama hapana, andika hapo hapo kwamba hatapona, usilizungushe neno, maana maneno ya kuzunguka sasa nayasoma yote.

Nisalimie Baba Mkubwa Hallur, na umbusu Marjun mdogo. Mungu awafunike huko mliko, na sisi asitupite.

Mwanao akupendaye, anayechungulia njia ya posta,
Sidsel