Sahani ya Kitanda Kitupu

Dada yangu mpendwa,

Pokea salamu nyingi kuliko maneno yangu, nawe unaujua mdomo wangu. Shemeji hajambo? Na mgongo wako, unakuacha ulale? Mimi mzima, ila nimepungua kidogo.

Masomo ya uuguzi nayapeleka puta. Mimi niliyeacha shule nikazunguka dunia kwa meli na malori, leo wagonjwa wananiita daktari. Siwakatazi.

Mkufunzi wetu ana wimbo mmoja tu: msichanganye dalili na chanzo. Wodini nilipewa bibi mmoja nimhudumie, fundi cherehani mstaafu, aliyekuwa akinyauka kitandani. Nikaandika kwa mbwembwe kwamba hali chakula kutokana na kukosa hamu. Mkufunzi akacheka mpaka akavua miwani. Akaniambia, baba, hiyo ni dalili. Kamuulize chanzo, tena upesi, kabla hatujampoteza.

Mchana nikaketi naye. Akaninong'oneza kwamba njaa inamuuma sana, ila yule wa kitanda cha pili haletewi sahani, naye hawezi kula huku anatazamwa. Nikamtania kuwa mchumba wake ana aibu, maana kitanda kilikuwa kitupu. Nikapapasa shuka. Lilikuwa na joto, kama mtu kainuka sasa hivi.

Kesho yake nikamdanganya mpishi, nikaleta sahani mbili. Ya pili nikaiweka kitandani pale, nikavuta pazia. Bibi akala. Nyuma ya pazia kijiko kingine kikawa kinagonga sahani, taratibu, kwa adabu. Nilipofungua, sahani ilikuwa nyeupe, na shuka halina hata kunjo.

Bibi alipata nguvu, akaruhusiwa kurudi kwake. Kwenye chanzo niliandika: hawezi kula ikiwa mwenzake ana njaa. Mkufunzi alinisifu mbele ya darasa, nami sikubakiza sifa hata moja.

Sasa nikuungamie, Dada. Bibi alipoondoka, jikoni waliacha kutoa sahani ya pili. Mchana ule napita, nikasikia kijiko kikigonga chuma cha kitanda kitupu. Nikageuka, nikaleta sahani yangu mwenyewe. Tangu hapo chakula changu nakipeleka kule, nasubiri nje ya pazia. Suruali inanivuka, mkufunzi anasema ni mawazo ya mitihani.

Jana mtu alinishukuru nyuma ya pazia, kwa sauti ya nusu shibe. Akauliza kama wenzake nao wanaweza kuja.

Nami, kwa mdomo wangu huu huu, nikasema karibuni.

Mama msalimie, lakini hili usimwambie. Wabusu watoto wote.

Ni mimi mdogo wako,
Mzungukaji